Mlango Uliopanda Wenyewe

Wifi yangu mpenzi,

Sisi huku hatujambo, hata goti langu limetulia.

Nimefunga mota kwenye mlango wa gereji, mimi mwenyewe, juu ya ngazi. Kaka yako hakuitaka kabisa. "Mimi na mlango huu tunajuana," alisema, "mota ni ya wavivu." Lakini tangu tumzike nilishindwa kuuinua, gari likabaki ndani. Ilibidi ning'oe komeo alilolitengeneza kwa mkono wake.

Nilipobonyeza kitufe, mlango ukapanda wenyewe. Wifi, nilicheka kwa sauti na kupiga makofi, nguo nyeusi bado mwilini! Niliona aibu, nikaufunga haraka.

Usinichukie ukisikia kwa majirani. Nilibonyeza tena.

Wifi yako akupendaye