Furaha ya Babu Yako

Mjukuu wangu Nsimire,

Tunakusalimu huko Kinshasa. Hapa Bukavu mvua inanyesha, goti la mama yako limepona, na tangu tumzike babu yako ninazoea kidogo kidogo kula peke yangu.

Unaniuliza utajuaje kama mume wako amefurahi tu, au ni ule ugonjwa wa bipolaire unaorudi, ule unaompandisha mtu furaha kupita kiasi na kumnyima usingizi. Babu yako alikuwa nao pia, nami nilimpeleleza miaka mingi.

Asubuhi moja alirudi kutoka sokoni akiimba, amebeba beseni zima la samaki wadogo, sambaza. Mara ya mwisho aliponunua vitu vingi namna hiyo, aligawia watu hata magodoro yetu. Nikaficha viatu vyake ndani ya gunia la maharage asitoke tena, nikamwita mdogo wake tumpeleke hospitali.

"Umekunywa dawa?" nikamuuliza.

"Nimekunywa, na nimelala muzuri. Lakini weye, maman, umesahau leo watu wa shirika ya kanisa wanakuya kusali kwetu? Utawalisha rozari?"

Nilikuwa nimesahau kabisa. Shemeji alifika tayari kumkamata kaka yake, akapewa samaki wa kuosha. Babu yako alipokea wageni miguu mitupu, bila kunishtaki. Walipoondoka akaniambia, "Siku ingine uniulize kwanza kama nimelala."

Tangu hapo nilimuuliza kila asubuhi. Mara mbili alijibu, "Hapana, twende kwa daktari," tukaenda pamoja.

Lakini sitakudanganya, shaka haikuniisha. Juma lake la mwisho alicheka sana, nami nikaenda kuhesabu vidonge. Vilikuwa sawasawa. Laiti ningebaki nikacheka naye.

Ni mimi, koko yako