Mardhiya Daktari wa Matumbo

Mwanangu Mardhiya amekuwa daktari bingwa wa matumbo, kaka Ameir! Yule niliyeshuka naye uwanja wa ndege wa Heathrow nimemfunika kanga kwa baridi!

Salamu kwenu Hounslow. Daktari mwenzake alinipitisha kamera kwa nyuma, akanikata vinyama vilivyoota kwenye utumbo, sikusikia kitu. Nyumbani nikakaidi, nikanyanyua sufuria ya biriani, damu ikatoka, nikarudishwa hospitali, wakaliziba jeraha kwa kibanio kidogo cha chuma. Mardhiya akanigomba mbele ya wauguzi: "Mama, hukuambiwa upumzike?" Nilijivuna!

Mkeo kaniambia nawe unatoka damu chooni, unaficha. Baba alificha vivyo hivyo, tukamzika. Mardhiya ameshakuombea nafasi ya kupitishwa kamera.

Ni mimi dadako Mwanamwema, ninayekungojeni nyote kwangu Stanmore Jumapili. Wenzio watakula biriani. Wewe mchuzi mwepesi na dawa ya kuharisha ya kusafisha utumbo, maana zamu yako ni Jumatatu.