Waya Mwembamba Chini ya Zulia

Ilembo, Mpanda

Mayu, mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Na mvua huko Meatu imefika mashambani au bado inawazungukazunguka tu? Mimi mwili ni mzima, ila moyo hautulii. Naandika kwa sababu jambo lenyewe siwezi kulisema kwenye simu. Hapa kazini kila mtu ana masikio.

Nilishakwambia habari za Gervas, yule Mfipa tunayefunga naye redio za magari. Jumanne alikuja Mzee Sudi, mfanyabiashara wa asali anayekwenda Ugalla peke yake. Alitaka amplifaya ya kukuza sauti ya redio, muziki umchangamshe njiani. Kazi nikaichukua mimi. Waya mnene wa umeme unatoka kwenye betri, unapita kwenye fyuzi, unaingia ndani kwa tundu lililo nyuma ya injini, halafu unalazwa chini ya zulia mpaka nyuma ya gari. Nilipoinua zulia nikakuta waya mwingine, mwembamba, umenitangulia. Nikaufuata kwa vidole hadi chini ya kiti cha dereva. Mwisho wake kulikuwa na kidude cheusi, kile kinachomwonyesha mtu kwenye simu gari liko wapi.

Mzee Sudi alibadilika uso. "Nani anataka kujua ninapopita na mzigo wangu? Gari hili hawalifungui wengine ila nyie."

Mayu, niliogopa. Nikaitazama tepu kwenye maungio: ncha imekunjwa, kama anavyokunja Gervas. Na redio ya gari lile aliifunga yeye, wiki niliyokuwa Kasekese kwa baba mdogo. Mambo yakajipanga kichwani: zile simu anazozipokea pembeni, vile viatu vipya. Nikasema mbele za watu, "Huu mkono ni wa Gervas."

Hakukataa. "Ni mimi. Ila aliyeniagiza siwezi kumtaja. Nilimwahidi."

"Umemsikia, mzee?" nikasema. "Anauza safari zako kwa majambazi."

Watu wakasogea. Mzee akatoa simu aite polisi. Hapo Gervas akasema taratibu, macho chini, "Mpigie kwanza mama nyumbani."

Mzee akapiga. Mkewe alifika na bodaboda, mikono bado ina unga. "Niliyemtuma ni mimi," akasema. "Siku ile sukari ilipokushuka ukazimia porini, gari linaunguruma, nilikutafuta kutwa nzima. Ningekuomba ruhusa, ungekataa."

Mzee akairudisha simu mfukoni. Kisha akaniambia nimalize kazi, na ule waya mwembamba niufunge vizuri, usije ukakatwa na chuma cha kiti.

Nilimwomba Gervas msamaha. Akasema yameisha. Hata vile viatu, kumbe alitumiwa na dada yake wa Sumbawanga. Lakini zamani vifaa vyetu vilikaa kwenye sanduku moja. Sasa jioni anakusanya vyake, anavihesabu, anaondoka navyo. Ananisalimia vizuri tu. Na mimi, nikikwambia ukweli mayu, simu yake ikilia bado natega sikio.

Msalimie kaka Masanja na ng'ombe wake, shangazi Kwangu anayekutekea maji, na mdogo wangu Holo huko kwa mumewe. Baba mdogo wa Kasekese anawasalimu wote.

Unikumbuke kwenye sala zako.

Mwanao wa kwanza,
Lukuba