Sekunde Kumi za Mama Anaeli

Alhamisi. Ukungu umeshuka mpaka kwenye mabati ya jirani, na mlima sijauona tangu Jumapili. Mtaa wote wa Sombetini ni tope. Chai imepoa mbele yangu na sina hamu nayo.

Nina kinyaa, na sehemu kubwa ya kinyaa hicho ni juu yangu mwenyewe.

Tangu wanunuzi binafsi waruhusiwe kupanda hadi kwa wakulima, nimekuwa nikifanya kibarua kwa mmoja wao. Shirika la umma lililonifundisha kompyuta lilishauzwa, nami nikabaki na ujuzi na kikohozi. Kazi yangu ni makro, yaani maagizo ambayo jedwali la kompyuta huyatekeleza lenyewe, moja baada ya jingine. Inafungua faili la chumba cha kuonjea kahawa, inangoja majibu ya leo yafike kupitia mtandao, inayanakili mbele ya majina ya wakulima, kisha inachapa lebo za magunia.

Inangoja sekunde kumi. Hiyo kumi niliiandika mimi.

Niliipima mwezi wa Mei, kahawa ikiwa kidogo na faili jepesi. Sasa ni msimu, faili limenona, na sekunde kumi hazitoshi. Jumanne makro ilinakili kabla majibu mapya hayajafika. Majina yalikuwa ya siku ile, majibu yalikuwa ya siku iliyotangulia. Mstari wa nne wa majibu ya zamani ulikuwa kahawa iliyooza, ile inayonuka siki. Mstari wa nne wa majina mapya alikuwa Mama Anaeli wa Nkoaranga, kijiji cha huko juu mlimani.

Magunia yake yakamwagwa kwenye rundo bovu. Nimeliona rundo hilo leo. Harufu yake bado iko kwenye koti langu.

Mama Anaeli yumo katika kikundi cha wakulima ambao kahawa yao huuzwa peke yake, bila kuchanganywa na ya wengine. Ukipata majibu mabaya mara mbili unatolewa. La kwanza alilipata msimu uliopita, mvua ilipomkuta na kahawa juani, na hakubisha. Hili ni la pili. Kikundi kinakutana Jumamosi kumwondoa.

Jana aliteremka mpaka ofisini, viatu vya shamba miguuni. Aliniamkia shikamoo kwa heshima zote, kisha akamgeukia meneja. "Mashine imesema kahawa yangu imechacha kupita kiasi. Imeionja lini?"

Meneja, kijana mwenye tai, alicheka. "Mama, mashine haina chuki na mtu."

"Basi na ulimi pia haina."

Nilitazama sakafu. Nilikuwa tayari nimeanza kuishuku makro yangu.

Leo asubuhi nimefungua mafaili yote mawili, la majibu na la lebo, na kuhakikisha. Nilipomweleza meneja hakuinua hata macho. "Mzee, weka ishirini, tusonge. Wakulima huko juu waambie ni mtandao."

Ishirini. Kesho kutwa thelathini. Kana kwamba ukiongeza muda wa kutoangalia utakuwa umeangalia.

Baba yangu alichachusha kahawa huko huko Nkoaranga, yaani aliilaza ndani ya pipa mpaka ute uachane na punje, kabla sijaondoka kufuata kazi kwa miaka arobaini na kurudi kukuta shamba lina wenyewe wengine. Jirani yetu alikuwa na saa ya mkononi, na alimenya na kuosha kwa saa hiyo. Baba aliingiza mkono ndani ya pipa na kusugua punje. Zikiteleza, alifunika tena. Zikikwaruza kama changarawe, aliosha. Nilimuuliza siku moja ni muda gani hasa, nikitaka namba ya kuandika kwenye daftari.

"Saa haijui kama jana kulikuwa na baridi," alisema. "Ingiza mkono."

Niliingiza. Naukumbuka ute ule vidoleni. Halafu nikasoma vitabu vyote nilivyosoma, nikazeeka, nikaandika kumi.

Mchana nimeiandika makro upya. Sasa inatazama tarehe iliyo ndani ya faili. Ikikuta ya jana inangoja kidogo na kutazama tena, na ikichoka inasimama bila kuchapa chochote. Mistari sita tu. Kuona ni michache kiasi hicho ndiko kulikoniaibisha kuliko rundo lenyewe.

Kahawa yake haiwezi tena kutenganishwa na rundo lile. Nafasi yake kikundini bado inaweza kuokolewa. Nimechapa majibu yake ya kweli, ambayo ni mazuri sana, na barua yenye jina langu ikieleza kosa ni la nani. Neno mtandao halimo. Meneja akiiona, kibarua kimekwisha.

Kesho nitapanda Nkoaranga mapema na karatasi hizo, kabla Mama Anaeli hajaenda shambani. Njia ile ninaijua, ingawa magoti yameisahau.

Ataniamkia tena shikamoo, najua, na atanipa kiti. Akiniuliza zile sekunde kumi nilikuwa nangoja nini, nitamjibu nini?