Kwa Alice Nakaale, Aliyeendelea Kugombezwa Gotu

Mwaka mzima umezunguka, Alice, tangu ututoke Alhamisi ile, na sisi tumezunguka nao. Hapa nyumbani hakuna anayetulia. Baba anatoka kwenda kuangalia mbuzi aliotoka kuwaangalia sasa hivi. Sharon, mdogo wetu, anafungua geti, anachungulia barabara, anafunga, halafu anafungua tena kana kwamba barabara imebadilika. Jumapili ndiyo mbaya kabisa. Tukirudi kutoka kanisani tunabaki tumesimama uani na nguo zetu nzuri, kama abiria walioachwa na gari, kwa sababu hiyo ndiyo saa uliyokuwa unasema, "Haya, twendeni tukaone." Ukiulizwa tunaenda kuona nini, unajibu, "Tutajua tukiona."

Na tuliona mambo, dada yangu. Watu wengine wakishika kamera hukimbilia twiga. Wewe ulitupeleka hadi kwenye ua wa uwanja wa ndege, tukangoja ndege na jua linatukaanga, ndege ikatua kwa kelele zake zote, nawe ukaipa mgongo ukampiga picha mzee mmoja aliyekuwa anashona akala yake, ile ndara ya tairi, kwa waya. Ulitupeleka soko la mifugo, ukawaacha ngamia waliosimama pale kama maaskofu, ukapiga picha ya birika la muuza chai. Una picha ya kivuli cha boda boda. Una picha ya kuku amepanda kwenye gunia la makaa na anaringa kuliko chifu. Mimi nikakupa cheo: Mpiga Picha Rasmi wa Masufuria, Kaunti ya Isiolo. Ulicheka, halafu ukanipiga nikitafuna chapati. Hiyo picha Sharon ameibandika kwenye kabati na amekataa kuitoa.

Tukumbuke pia namna ulivyohesabu. Ulikuwa mwalimu wa chekechea, watoto wa watu wamejua nambari kutoka kwako, lakini wewe mwenyewe hukuwahi kufika tatu. "Moja, mbili," kisha unabofya. Mtu bado anatafuta tabasamu lake mfukoni, wewe umeshamaliza. Kwa hiyo kwenye picha ukoo wote tuko midomo wazi. Baba anajikuna. Mama anaonekana anataka kumchapa mtu, na kweli alikuwa anataka kukuchapa wewe. Ulisema kwamba kwenye tatu watu wanakuwa wageni. Tulidhani ni uvivu. Mpaka leo hatujaamua.

Ulikuwa na moyo. Hukuwa mtu wa kupiga picha na kupotea nazo. Ulizichapisha pale studio, ukazipeleka kwa wenyewe kwa mguu: kwa mlinzi wa ghala, kwa mama wa mboga, kwa Habibo anayeuza maziwa ya ngamia karibu na steji ya magari. Mtu ambaye hana picha yoyote ila ile ya kitambulisho, umempa yake akicheka. Watoto wa darasa lako wote wana picha, hata yule aliyekuwa anakuuma.

Lakini tukwambie jambo ambalo lilimchosha Mama. Baada ya kukuzika, watu walianza kukuzungumzia kwa sauti ya kanisani. Marehemu alikuwa malaika. Marehemu hakuwahi kukosana na mtu. Habibo, ambaye mligombana naye kila asubuhi juu ya kelele ya redio yake mpaka wateja wakawa wanakuja kwa ajili ya ugomvi wenu, alikuja hapa akasema, "Salaam aleikum, wallahi yule hata sauti hakuwahi kunipandishia." Mama alimsindikiza mpaka getini. Alipoondoka, Mama akasema, "Wananibadilishia mtoto. Huyu wanayemsema, mimi simjui."

Hapo ndipo habari ya Gotu inapoingia, na ni lazima uijue, kwa sababu wewe ndiwe uliyeianzisha.

Jumapili yako ya mwisho ulienda Gotu, kule mtoni, na pikapu ya kwenda Merti, wewe na kamera yako iliyofungwa kwa raba ya nywele. Ulirudi umeungua pua na unacheka. Jumanne homa ikakushika. Ukiwa kitandani hospitalini, ulimshika Mama mkono ukamwambia kuna mama anaitwa Nakiru, anauza chai karibu na daraja, na umemwahidi kwamba Jumapili inayofuata utampelekea picha yake. "Usimwache akinisubiri," ulisema. Hiyo Jumapili haikukukuta.

Mwezi ulipopita, tulichapisha picha yake kutoka kwa kamera yako, tukapanda pikapu, Mama na mimi. Tulimkuta Nakiru kibandani anapanga vikombe. Mama akasema tumetoka kwa Alice, yule wa kamera. Alikuwa anavuta pumzi aseme lile lingine, lakini Nakiru hakumpa nafasi. Aliweka mikono kiunoni.

"Alice! Yule muongo? Aliniambia Jumapili. Jumapili gani? Ya nani?"

Mama akamtolea picha. Unaijua. Ulisema moja, ukasema mbili, na Nakiru alikuwa katikati ya kumfokea punda: mdomo wazi, jicho moja limefungwa, mwiko juu.

"Hii ni nini?"

"Ni wewe," nikasema.

"Kijana, nimekuuliza? Hii si mtu. Hii ni mbuzi inapiga chafya." Akamrudishia Mama picha. "Rudi nayo. Mwambie aje mwenyewe, anipige ingine. Na afike tatu! Mtu mzima anashindwa na tatu?"

Mama alifungua mdomo. Niliona neno linakuja, nikajishika tayari. Akasema, "Nitamwambia."

Kwenye pikapu nilimuuliza, "Sasa Mama, utamwambia vipi?" Akanijibu ninyamaze. Tulipofika Ngare Mara nikamsikia anacheka peke yake ndani ya leso. "Umesikia alivyomgombeza?" akasema. "Afike tatu!" Alisema hivyo kama mzazi ambaye ameambiwa mtoto wake ameshika nambari moja.

Basi ikawa desturi. Siku chache zikipita Mama anashindwa kukaa, anazunguka nyumba, anakunja leso, anaikunjua, halafu ananiambia, "Twende tukamwone yule mama." Tukifika, Nakiru anauliza umefichwa wapi. Mama anasema wanafunzi ni wengi. Nakiru anasema wanafunzi gani hawalali, hao ni popo? Anakuambia wewe ni mvivu. Anaigiza Kiturkana chako cha mjini, anasema unaongea kama unatafuna mchanga. Anasimulia jinsi ulivyojitia kumsaidia kukaanga mandazi ukamchomea sufuria nzima, na badala ya kuomba msamaha ukapiga picha ya ule moshi. Mama hakuwa anajua habari ya mandazi. Aliiuliza tena na tena: mandazi yalikuwa ya sukari? Uliyala hata hivyo? Ulicheka ile ya puani?

"Na alisema mama yake ni mkali," Nakiru akasema siku moja. "Ati akiamka vibaya hata kuku wanatembea kwa vidole."

"Alisema hivyo?" Mama akauliza. Alijaribu kukasirika, Alice. Uso ukamkatalia.

Tungeendelea hivyo tu, kama si ile Jumapili ambayo Nakiru alitupokea na shanga mpya shingoni, amejipaka mafuta, kichwa kimenyolewa vizuri. Mama akamsifu. Nakiru akasema, "Si ni kwa sababu ya huyo binti yenu? Kila Jumapili nafunga kazi mapema, nakaa hapa mbele kama bibi harusi amekimbiwa. Pikapu ikisimama nainuka. Si yeye. Nakaa. Ingine inasimama. Si yeye."

Siku hiyo Mama hakucheka njiani.

Wiki zilizofuata alifua nguo ambazo zilikuwa safi. Alipanga vyombo, akavipangua. Baba alipoanza kuzungumza juu ya tangazo hili la kumbukumbu yako ya mwaka, akamwambia mbele yetu sote, "Mama Alice, hili tangazo litasomwa kanisani na litatembea kwa simu. Dereva wa pikapu atalisoma. Yule mama wa Gotu asije akasikia kwa dereva."

"Nikimwambia, Alice atakuwa ameisha kila mahali," Mama akasema. "Amebaki kule tu. Kule bado anaweza kuchelewa."

Baba aliinuka kwenda kuangalia mbuzi, akafika mlangoni. Halafu akasema, "Na yeye je? Anamvalia nani hizo shanga?"

Jumapili iliyopita tulienda. Nakiru alikuwa amekaa mbele ya kibanda, amependeza. Mama hakungoja kukaribishwa. Alisema akiwa bado ameshika ubavu wa pikapu. Alisema, "Alice alikufa."

"Lini?"

"Wiki ile ile aliyotoka hapa."

Nakiru alimwangalia. "Kabla uje mara ya kwanza?"

"Kabla."

"Mwaka mzima," Nakiru akasema polepole, halafu sauti ikapanda, "mwaka mzima unaacha mimi natukana marehemu? Unajua nimemwita nini? Nimemwita muongo! Nimesema ni mvivu, nimesema miguu yake ni ya mbuni! Mungu anasikia yote hiyo, na wewe umekaa hapo unakunywa chai yangu!"

"Hiyo ndiyo nilikuwa nakuja kusikia," Mama akasema. "Kwetu hakuna mtu anamgombeza tena."

Chai ilifurika ikazima nusu ya moto, na hakuna aliyeishughulikia. Dereva alipiga honi, tukamwacha aondoke na kelele zake. Nakiru alitupa mgongo. Alipanga vikombe ambavyo vilikuwa vimepangwa. Mabega yalikuwa yanatikisika, na mimi nilitazama mto kwa sababu sikujua pengine pa kutazama. Kisha akasema, bila kugeuka:

"Lakini miguu ilikuwa ya mbuni kweli."

"Ni ya baba yake," Mama akasema.

Wakaketi. Waliketi mpaka pikapu ya kurudi karibu ituache, na sitaandika hapa waliyokusema, kwa sababu tangazo hili linasomwa kanisani. Ulipata sifa mbili tatu pia, usijali.

Usidhani sasa tumetulia. Baba amekwenda kuangalia mbuzi tena. Mama leo asubuhi amefungasha leso kama msafiri, akakumbuka hakuna safari, akaifungua. Juzi Sharon alichukua kamera yako akatuita uani, akasema moja, akasema mbili, akashindwa kubofya. Akasema tatu. Tukasimama pale tunatabasamu kama watu wasiojuana.

Kwa hiyo tunawaalika wote Jumamosi hii, nyumbani Kambi ya Juu, baada ya chakula cha mchana. Kutakuwa na sala, na wimbo uliokuwa unauharibu kwaya ikiwa nyuma yako. Picha zako tutazitandika mezani, masufuria na yote, na anayejiona achukue yake. Lakini Mama ameomba jambo moja, na amesema liandikwe wazi. Malaika waachwe kanisani. Ambaye uliwahi kumchelewesha, kumchomea kitu, kumpiga picha akipiga miayo au kumnyima usingizi, aje na malalamiko yake na ayaseme kwa sauti, mama yako anataka kuyasikia. Habibo amekuwa wa kwanza kukubali. Ameniambia jana pale steji, macho yamejaa maji: "Hiyo redio yangu haikuwa na kelele. Kelele ilikuwa dada yako."

Unakumbukwa na mama yako, Mama Alice, anayekusubiri uchelewe. Baba yako Lotukoi, aliyekupa miguu. Mdogo wako Sharon. Kaka yako Lodio, aliyeandika haya huku akisukumwa bega na kila mtu. Watoto wa chekechea. Jirani yako Habibo. Na Nakiru wa Gotu. Nilipomuuliza Nakiru nimwandike kama nani, rafiki au mteja wa picha, alinijibu, "Andika mama. Nimemgombeza mwaka mzima, kwani hiyo ni kazi ya nani?"

Siku zote utakuwa wetu, Alice. Na bado tuna maneno na wewe.