Ulimi wa Mekele

Uswisi, mwezi wa tatu

Mama yangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie hapo Senafe, zikukute mzima. Magoti yanaendeleaje? Na dada Mihret, anayekusomea haya, asiruke mstari hata mmoja. Mimi sijambo. Theluji imeanza kuyeyuka, na bado tunalala wanne chumba kimoja.

Najua umenuna. Mihret aliniandikia kwamba unawaambia majirani mwanao ameonja jibini la Wazungu akasahau ziwa la mama. Tangu baridi ianze sijakupigia simu, kwa hiyo una haki. Ngoja nikueleze.

Maofisa waliponihoji kuhusu ombi langu la hifadhi ya ukimbizi, walinasa sauti yangu. Nilieleza jeshi, kifungo, na safari ya kuvukia Sudan. Hawakubishana na lolote kati ya hayo. Walimpa mtaalamu sauti hiyo asikilize ninavyoitamka lugha yetu, naye akasema huyu si Mweritrea, anaongea kama mtu wa Mekele, ng'ambo ya mpaka, Ethiopia. Masikio yake yalikuwa mazuri, maana alichokisikia ni wewe. Kila nilipotaka kusema "hii" nilisema ezuy, kama wewe, badala ya ezi ya kwetu. Nikawaambia mama yangu ni wa Mekele, aliolewa Senafe kabla mpaka haujafungwa. Wakaandika, kisha wakanikatalia. Nikakata rufaa, nikijua nikishindwa napelekwa Ethiopia, nchi nisiyowahi kuikanyaga.

Hapo mwenzangu wa chumbani, Okbazgi, mtoto wa Asmara, akajifanya mwalimu. Mezani alininyima chumvi mpaka niiombe Kiasmara. Nilipoteleza, aliwaita wenzetu waje waone Mekele ilivyohamia jikoni. Mama Abrehet, mkimbizi mwenzetu anayetukaangia kahawa karibu na dirisha, alimwambia aniache, hakuna mtoto anayechagua titi la kunyonya. Okbazgi akamjibu kwamba sawa, shangazi, lakini maofisa hawakunyonya kwetu. Tulicheka wote, na mimi nilicheka.

Likabaki tatizo moja. Kila nilipoongea nawe kwenye simu nilirudi na ulimi wako mdomoni, na kazi ya wiki nzima ikaharibika. Okbazgi akasema nichague, mama au kibali. Nikachagua. Ndiyo sababu ya kimya changu, Mama, si simu mbovu kama nilivyomdanganya Mihret. Niliikimbia sauti yako. Mkataa kwao mtumwa, nalijua hilo, na bado niliendelea na mazoezi. Waliponihoji mara ya pili sikuteleza hata kidogo.

Jumatatu kibali kimetoka. Abrehet alipiga vigelegele mpaka jirani akagonga ukuta. Walipotawanyika nilibaki jikoni, nikashika kikombe changu, nikajaribu kusema "hii" kwa neno lako. Ikatoka ezi. Nikarudia, ikatoka ezi. Shangazi zangu wamekucheka kwa neno hilo tangu ulipoolewa mpaka nywele zako zimekuwa nyeupe, na hukulibadilisha. Mimi baridi moja tu ilinitosha. Nimeona aibu, Mama.

Nitapiga Jumapili mkitoka kanisani. Nikikosea, usininyamazie kwa huruma. Nisahihishe.

Wasalimie wote hapo nyumbani, na shangazi pia, bila kinyongo. Mungu akutunze mpaka tuonane.

Ni mimi mwanao,
Zerisenay