Oda ya Mwisho ya Buibui

Jumatatu, 3 Machi

Boksi la vipuri la leo lilikuwa na barua ndani. Chini kabisa, chini ya sponji. Nusura niitupe na makaratasi. Kiingereza kigumu, nimeisoma mara tatu nimekaa kwenye ngazi ya stoo. Inasema kiwanda kinachotengeneza buibui kinaacha kuitengeneza. Buibui ndiyo jina letu la ile chipu — nyeusi, miguu minane, inapima joto la mtoto ndani ya mashine tunazounda za kutunza watoto waliozaliwa kabla ya siku zao. Si kwamba imeadimika. Inakoma. Oda za mwisho Ijumaa tarehe 14, saa kumi jioni. Baada ya hapo basi, hata ukilia.

Nikampelekea bosi wa manunuzi. Tunamwita Bwana Subiri, mwenyewe hajui. Akafungua kompyuta: "Tunazo elfu nne na mia moja tisini, mama. Mwaka mzima na ushee. Punguza presha."

Nikashusha pumzi. Kwenye ngazi nikaipandisha tena. Elfu nne? Nani kaziona?

Jumanne, 4 Machi

Nimeziona. Heri nisingeziona.

Buibui halisi ni 190. Hizo elfu nne ziko kwenye maboksi matatu ya nyuma, hayajafunguliwa tangu mwaka jana. Zina mwili mwembamba. Nimempa fundi wa lehemu moja aijaribu kwenye bodi. Miguu haifiki! Akacheka mpaka akashika mbavu: "Huku ni kumvalisha mtu mzima kiatu cha mtoto!"

Mimi sikucheka. Namba ni ileile, herufi ya mwisho tu ndiyo tofauti. Muuzaji alileta sizo, na aliyepokea akaziingiza pamoja na zetu. Aliyepokea ni mimi. Sahihi yangu ile pale. Siku hiyo mamdogo anayenilelea mtoto alipiga simu, mwanangu anachemka, nikawa mguu ndani mguu nje.

Fundi kanishika bega. Funika kombe mwanaharamu apite, anasema. Mkaguzi akija mwisho wa mwezi ataziona mwenyewe.

Mwisho wa mwezi! Na oda itakuwa imeshafungwa.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekiri. Bwana Subiri akafungua tena kompyuta. Halafu akanieleza polepole, kama anayemweleza mgonjwa. Kompyuta haikubali kuagiza kitu inachosema kipo. Kupunguza hesabu ni kazi ya mkaguzi. Mkaguzi ni tarehe 31. Akilazimisha, ataulizwa yeye.

Si mtu mbaya. Anaogopa tu. Ana watoto kama mimi.

Nimemwambia kwa adabu, lakini nimemwambia: bosi, tarehe 31 tutakuwa tunakagua rafu tupu.

"Subiri mkurugenzi arudi Alhamisi ijayo."

Subiri!

Jumamosi, 8 Machi

Kufua tangu asubuhi. Njiti, mwanangu, anatambaa moja kwa moja mpaka kwenye beseni. Tunamwita hivyo hadi leo, na mashavu yote hayo. Alizaliwa wa miezi saba. Wiki sita alilala hospitalini kwenye mashine yetu — stika ya kiwanda chetu ubavuni, niliijua, nimezibandika nyingi kwa mkono wangu. Nilikuwa nakaa natazama taa ya kijani. Kijani ni buibui anasema joto liko sawa. Sikuwa na mwingine wa kuniambia kitu.

Mamdogo kaniuliza kwani hao watengenezaji hawana huruma, si wabakize kidogo? Nikamuuliza redio ya marehemu mumewe aliipeleka kwa mafundi wangapi.

"Sita."

"Wakasemaje?"

"Kifaa chake hakitoki tena."

Akamtoa mtoto kwenye beseni, akamfuta miguu muda mrefu kuliko ilivyokuwa imelowa.

Jumatatu, 10 Machi

Zimebaki 142. Kumi na mbili zinakwenda kila siku, bodi moja chipu moja.

Saa ya chakula nimetafuta wauzaji wengine kwa simu. Mmoja anazo, "mpya kabisa dada yangu". Katuma picha. Fundi akaikuza: maandishi yamepigwa msasa, miguuni kuna lehemu ya zamani. Zimeng'olewa kwenye bodi za jalalani. Ukiweka hizo, taa itawaka kijani hata mtoto akiwa barafu.

Nimemfuta kwenye simu. Ila nimeelewa jambo. Watu wameshanusa. Viwanda vikubwa vimeshachota, sisi bado tunasubiri Alhamisi.

Jumatano, 12 Machi

118. Njiti kaota jino. Kalijaribia kwangu.

Alhamisi, 13 Machi

Mkurugenzi karudi. Nimesimama mlangoni kwake saa mbili nzima. Katibu wake: ana wageni. Katibu tena: bado ana wageni. Alipotoka nikamwambia palepale. Akasema lete kwa maandishi. Nilikuwa nayo mkononi! Kaisoma akitembea. Kampa Bwana Subiri pale koridoni: "Lifanyieni kazi."

Lifanyieni kazi. Hakusaini chochote. Gari lilikuwa linamngoja.

Ijumaa, 14 Machi

Naandika hapahapa stoo, nyuma ya meza.

Saa nane. Bwana Subiri kaja mwenyewe, hajawahi kushuka huku. Kajaza oda. Kompyuta imekataa, nyekundu. Kaongea chini chini akitazama mlango: ingekubali, endapo stoo ingeandika kwamba zile elfu nne zimetumika. Hakusema niandike. Kasema ingekubali.

Hazijatumika. Ziko hapa mgongoni kwangu. Tarehe 31 ataulizwa nani? Ile ya kwanza nilikosea. Hii siwezi kuiita kukosea.

Saa tisa na robo. Nimesaini kwamba zimetumika.

Saa tisa na nusu. Oda imekwenda. Jibu limerudi palepale, la kompyuta yao: asante, maombi yamezidi mzigo uliobaki, mko kwenye foleni, namba 611, mtajulishwa. Bwana Subiri kasoma mara mbili. Safari hii hakulisema neno lake. Kapanda ngazi.

Saa kumi kasoro tano. Fundi yuko dirishani na trei, anataka za Jumatatu. Zipo 82. Nimemhesabia kumi na mbili. Nikarudisha moja.

"Kumi na moja, mama Njiti? Leo umesahau hesabu?"

Nimemwambia ngoja kidogo. Anangoja, anagonga trei kwa ukucha. Hii moja nimeifumba kiganjani, miguu yake inanichoma. Nikiibakiza, Jumatatu kuna mashine moja haitatoka. Nikiitoa, siku mashine kama ile ya Njiti ikiharibika hospitalini, fundi atasema kifaa chake hakitoki tena.